Mbwa wa Mafiga Matatu

"Kama hujampeleka kwa Fundi Viatu, basi nionyeshe alipo," alisema Mama Sponji, na ili aseme hayo ilibidi kwanza ateme misumari kiganjani, maana wagongaji makochi huiweka midomoni kama watoto wanavyoweka pipi, na kila ugomvi wa nyumba ile ulianza kwa mlio wa chuma.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Vumbi kwa kuwa alisaga nafaka kwenye mashine ya kona na kurudi nyumbani mweupe hadi kope, alijibu kwamba ameingia sasa hivi, hata viatu hajavua, na kwamba mbwa yule si kifungo cha shati useme kimedondokea chini ya meza. Lakini Diwani hakuwepo. Godoro lake la sponji lilikuwa tupu, na fulana yake ya mikanda haikuwa kwenye msumari wake ukutani. Pembeni, juu ya kochi lisilo na kitambaa bado, Daktari wa mifugo alikaa na mkoba magotini, akijifanya anasoma maandishi ya kwenye robota la pamba, kama afanyavyo mgeni yeyote mwenye adabu akikutwa katikati ya mambo ya wenyewe.

Mkoba ule ndio uliomtia Mama Sponji homa. Ndani yake mlikuwa na mengi, lakini yeye aliona kitu kimoja tu: sindano ya usingizi usio na asubuhi. Na aliyemwita Daktari alikuwa yeye mwenyewe.

Ukubwa wa mbwa yule lazima usemwe kwanza, maana bila huo kisa hiki hakikai. Diwani akijinyoosha mlangoni, wateja walipitia dirishani. Akipiga chafya, mapazia ya nyumba ya tatu yalijifunga yenyewe. Wapo wanaoapa kwamba mleta barua mmoja, jioni ya mawingu, alimbisha hodi ubavuni akidhani ni mlango, na kwamba mbwa akamjibu. Aliitwa Diwani kwa sababu alilala kwenye njia panda kutwa nzima bila kazi inayojulikana, na bado hakuna aliyepita pasipo kumsalimu.

Lori la mbao lililokuwa likirudi nyuma halikumwona, na hapo utajua mwenyewe dereva alikuwa mtu wa namna gani. Mguu wa mbele ulisagika, Daktari akaukata ili aokoe kilichobaki. Alipomrudisha nyumbani alimkalisha Mama Sponji chini akamweleza bila kuzungusha maneno. Mbwa mkubwa hubeba uzito wake mwingi mbele, na sasa mguu mmoja wa mbele unafanya kazi ya miwili. Akinenepa, au akiteleza, au akiachwa alale tu kama gunia, bega lile litakwisha, na safari hiyo hakutakuwa tena na mguu wa kukata. Kwa hiyo atembezwe. Si kidogo hata misuli isahau, si sana hata kiungo kiwake moto. Matembezi mafupi mafupi, kwenye udongo laini, apumzishwe kabla hajachoka. Wakipata maji yaliyotulia ya kuogelea, heri zaidi.

Vumbi siku hiyo alisema mbwa wa ulinzi mwenye miguu mitatu ni kufuli la karatasi. Alisema kwa uchungu, maana alimpenda mbwa yule kuliko baadhi ya ndugu zake, lakini Mama Sponji hakusikia uchungu, alisikia kufuli. Akayakunja maneno yale akayaweka, kama anavyoweka mabaki ya vitambaa, akijua ipo siku yatapata kochi lake.

Aliyemtetea mbwa alikuwa mmoja tu, naye alisemea kitandani. Huyu alikuwa Bibi, mama yake Vumbi, aliyeletwa pale na magoti mabovu na kupewa chumba cha uani. Makubaliano ya ndugu yalikuwa wazi: akae kwa mwanawe mdogo mpaka atakapoweza kupanda ngazi, kisha ahamie kwa mwanawe mkubwa, ghorofani, kwenye sakafu zinazong'aa na watu wanaonong'ona hata wakiomba chumvi. Daktari wa binadamu alimwambia atembee kila siku. Bibi akamjibu kwamba hata kufika mlangoni kwake ni kuvuka nchi. Chai akaletewa, maji ya kuoga akaletewa, kikombe akakipokea kwa mkono wa kushoto akiomba radhi kwamba wa kulia umekaza, na kila alipoulizwa habari za magoti aliugua kwa sauti iliyoelekezwa kule ghorofani.

Basi siku ile Bibi alipaza sauti kutoka uani akasema, "Chungu hukaa juu ya mafiga matatu na hakianguki, sembuse mbwa." Watoto wa mtaa walidaka hapo hapo. Tangu siku hiyo, midomoni mwao Diwani akawa Mafiga.

Mama Sponji hakuwa mtu wa kulia, alikuwa mtu wa kushona. Sakafu ya saruji ya nyumba nzima aliivika vipande vya zulia kuukuu, akavibana kwa misumari, hata mumewe akawa anatembea kwake kama mtu aliyealikwa. Bakuli la mbwa aliliinua juu ya fremu ya stuli ili asiiname na kulemea mguu wake mmoja. Makochi yote ya wateja aliyazungushia mbao, asije akarukia juu. Kisha akashona fulana. Alichukua mikanda ya mpira, ile inayotandazwa chini ya mito ya kochi, akaipitisha kifuani na tumboni, akaijaza sponji pale ambapo mguu ulikuwa, na mgongoni akaweka kishikio kama cha begi, ili mbwa akilegea uweze kumwinua bila kumuumiza. Ilikuwa fulana nzuri hata wapita njia wenye migongo mibovu waliuliza kama anashona za watu.

Asubuhi walitoka, na jioni walitoka. Uani alilaza vipande vya mbao chini, mbali mbali, mbwa akajifunza kuvivuka kimoja kimoja, akiinua mguu kwa heshima kama mzee anayevuka dimbwi na viatu vipya. Siku za mwanzo aliangukia kidevu. Baadaye akawa anarukaruka kwa ule mguu mmoja wa mbele, tena kwa maringo. Mama Sponji alianza kulala usingizi.

Halafu mambo yakageuka. Asubuhi mbwa alitembea vizuri, lakini jioni fulana ikishushwa ukutani alimtazama Mama Sponji kwa jicho moja, akapumua kama mvuke wa sufuria, akajigeuza upande wa pili. Akiinuliwa, alikwenda mpaka langoni akaketi. Jioni ya kwanza Mama Sponji alisema ni joto. Zilipofuatana jioni nyingine, alikumbuka lile neno la Daktari kuhusu bega. Lakini mtu wa kunusa hanusi harufu moja. Alipompapasa vidole alikuta matope yamekauka katikati ya kucha, na ua wake hauna matope. Aliposhika fulana aliikuta na unyevu. Na mbwa, badala ya kuhuzunika kama mgonjwa, alikuwa na uso wa mtu aliyekula harusini na hataki kusema harusi ya nani.

Hapo ndipo kazi yake ilipomponza. Aliyefumua makochi ya watu maisha yake yote hawezi kuwaamini watu. Kochi linameza yote: funguo, pete, picha zilizochanwa, na mara moja meno ya bandia ya mzee aliyekwisha kumfukuza mkwewe kwa kumsingizia kuwa ameyaiba. Mama Sponji mwenyewe ndiye aliyeyatoa meno yale katikati ya springi, akayafunga kwenye kitambaa, akampelekea mwenyewe, akamsema mzee yule mpaka akaomba maji. Ungedhani kisa hicho kilimfundisha kutoshuku ovyo. Wapi. Kilimfundisha kwamba ukitafuta vya kutosha, utakuta meno.

Akaanza kutafuta. Alimnusa mumewe shati. Alimuuliza maswali yenye mlango wa nyuma, kama vile leo mashine ilikuwaje, na waliokuja kusaga ni akina nani, na njia ya kurudi alipita ipi. Alinyunyiza unga kidogo kwenye kizingiti cha lango la nyuma ili aone nyayo, akasahau kwamba ameolewa na mtu anayemwaga unga kila anapopumua. Kutwa nzima yeye alikuwa karakana ya mbele akigonga, na mgongaji makochi hasikii hata mvua. Lango la nyuma lingeweza kupitisha jeshi na ngoma zake.

Kisha akaona mshono.

Mkanda mmoja wa fulana, ule wa kifuani, ulikuwa umekatika na kushonwa tena. Si yeye aliyeushona. Mshono wake yeye hulalia upande mmoja, kama nyasi zilizopigwa na upepo, na anaujua hata gizani kwa ncha ya kidole. Huu ulilalia upande wa pili. Ulishonwa na mtu wa mkono wa kushoto, kwa uzi mweusi mweusi uliokaza. Na mashoto mwenye sindano mtaani pale alikuwa mmoja tu kwa kadiri alivyojua: Fundi Viatu, rafiki wa kufa na kuzikana wa Vumbi, ambaye kibanda chake kilikuwa kimevunjwa na wezi majuzi, na ambaye alisikika akisema laiti angekuwa na mbwa kama Diwani, hata mzima nusu.

Vipande vikaungana vyenyewe. Kufuli la karatasi. Rafiki anayetaka mbwa. Matope, unyevu, mkanda uliokatika kwa kuvutwa. Mumewe anamtoa mbwa mchana kwa lango la nyuma, wanamzoeza ulinzi huko kibandani, wanamkimbiza, wanamuua bega. Mama Sponji aliukata ule mkanda, akaweka mwingine, na kile kipande akakifungia kwenye droo ya mikasi kama ushahidi.

Alichukua kiatu chake kizima, akakikata gidamu, ule ukanda wake wa juu, kwa kisu chake cha kukatia vitambaa, akaenda nacho kwa Fundi Viatu akasimama amtazame mikono. Fundi alishika sindano kwa kushoto, akaushona ule ukanda, na mshono ukalalia kule kule. Yule mtu, asiyejua anaangaliwa, akamkaribisha chai, akakataliwa; akamuuliza, "Shemeji, yule wa mafiga matatu hajambo?" Akaulizwa kwa nini anauliza. Akasema anauliza tu. Mama Sponji alirudi nyumbani akiwa na kiatu kilichoshonwa vizuri kuliko kilivyonunuliwa, na hakika moyoni kwamba anayeuliza tu haulizi tu.

Lakini hata kama alimjua mwizi, mbwa alizidi kukataa jioni. Jioni ya kuamkia siku ya ugomvi huu hata langoni hakufika. Alilala kifudifudi, mguu ule mmoja umetandazwa mbele yake, na aliposhikwa bega alifumba macho. Mama Sponji alikaa naye juu ya zulia mpaka chai ikapoa. Alijua Daktari alivyosema. Alimpigia simu, akamwomba aje, akasema kwa sauti nyembamba kwamba kama bega limekwisha, basi asiache mbwa ateseke. Daktari akamjibu kwamba hatasema lolote mpaka amwone akitembea.

Na sasa Daktari amekuja, mbwa hayupo.

"Leo," alisema Mama Sponji. "Siku zote mmemchezea, na leo ambayo anapimwa uhai wake mmemficha ili nisijue mlichomfanya."

Vumbi akapangusa uso, ukabaki mweupe vile vile. Akasema naye ana la kusema. Akasema ameona mbwa anavyolala kama mfu kila jioni, na kwa kuwa anayemtembeza ni mtu mmoja, yeye amekuwa akijiuliza kama mtu huyo hamtembezi kupita kiasi kwa kumwogopea, maana mkewe akipenda kitu hukishona mara mbili. Akasema amekaa kimya kulinda amani. Na kuhusu daktari wa sindano kuitwa bila yeye kuambiwa, hilo atalikumbuka.

Mama Sponji hakuwa ametegemea kushukiwa. Anayeshuku huwa hana habari kwamba naye ana mgongo. Akafanya alichokuwa akikingojea: akafungua droo ya mikasi, akatoa kile kipande cha mkanda, akakitupa mezani. Akamwambia amwite rafiki yake, aje ausome mshono wake mwenyewe mbele ya watu.

Kibanda cha viatu kilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Vumbi alipiga mluzi dirishani, na Fundi Viatu akaja akiwa bado amevaa kiatu cha mtu mkononi kama soksi. Alimsalimu Daktari, akamsalimu shemeji yake, hakuitikiwa. Aliposikia anachoshtakiwa, aliangalia mlango kwanza.

"Shemeji," alisema, "mimi mbwa yule namwogopa. Akibaki na mguu mmoja nitaendelea kumwogopa. Nilisema nataka kama yeye, sikusema yeye."

Mama Sponji akamnyooshea mkanda. Fundi aliupokea, akaugeuza, akakubali kwamba kweli ni kazi ya shoto, tena mashoto mwenye haraka, kamalizia kuukata uzi kwa meno. Lakini akasema uzi huu hata kama angelewa asingeutumia. Uzi wa viatu hupakwa nta. Huu ni wa sufu, umefumuliwa mahali. Akalowesha kidole, akasugua ule weusi wa uzi, kumbe ulikuwa matope. Uzi ukaanza kubadilika rangi pale pale mbele ya macho yao. Akauinua dirishani kwenye mwanga. Ulikuwa rangi ya damu ya mzee.

Katika nyumba ile kulikuwa na kitu kimoja tu cha sufu chenye rangi ile. Kilikuwa blanketi, na pindo lake lilikuwa limeanza kufumuka, na Mama Sponji mwenyewe alikuwa ameliona juzi akipeleka chai, akasema moyoni kwamba panya wameingia chumba cha uani. Aliiona chai. Aliuona mkono uliopokea kikombe. Akageuka polepole kumtazama mumewe, na mumewe, ambaye alikuwa amefika pale pale kwa njia yake ya polepole, alitikisa kichwa mpaka unga ukadondoka.

"Hapana," akasema Vumbi. "Mama? Mama hafiki hata mlangoni."

Kutoka uani bawaba ya lango la nyuma ikalia.

Wakamsikia kabla hawajamwona. Alikuwa akizungumza, tena kwa furaha, na pumzi yake ilikuwa ya mtu aliyetoka mbali na bado ana akiba. Alikuwa akimwambia mtu kwamba yale maji ya bwawa la wafyatua matofali leo yalikuwa baridi, lakini kesho watakwenda mapema zaidi, jua likiwa bado kali. Kisha akaingia kwenye mlango wa karakana: Bibi, miguu pekupeku, matope hadi kwenye vifundo, mkono wa kushoto umeshika kishikio cha fulana, na fimbo yake ameibana kwapani kama gazeti. Diwani alikuja ubavuni pake akichuruzika maji, akirukaruka kwa hatua sawa na za bibi kizee, kila mmoja akimngoja mwenzake. Bega lake, lililolowa na kung'aa, lilikuwa limejaa kama mto wa kochi jipya.

"...na wewe jioni ulale tu kama jana," Bibi alikuwa akimwambia mbwa, "nami niugue kidogo, maana huyu mkamwana wangu akituona tumechangamka wote wawili, atanipandisha mimi ghora..."

Hapo akawaona. Alimwona mwanawe, akamwona mkwe wake, akamwona Fundi Viatu na kiatu mkononi na uzi wa blanketi lake umening'inia dirishani. Akamwona na Daktari, ambaye alimtazama mbwa mguuni, kisha begani, kisha akausukuma mkoba chini ya kochi kwa kisigino.

Bibi akaichomoa fimbo kwapani taratibu, akaigusisha chini, akajikunja mgongo.

"Magoti yangu," akaanza.